Bwana Jackson: Kutoka Lamu Hadi kwa Ndege wa Mlima Elgon

Msafiri atokaye Kitale wakati wa mvua, akipita kando ya malisho ambayo bado yana majani marefu, aweza kubahatika kumwona ndege mdogo mweusi tititi, mwenye mkia mrefu uliopinda kama jambia. Huyo ni dume. Amekwisha kulaza nyasi kwa duara, akaacha kishungi kimoja katikati, na sasa aruka juu na kushuka, aruka juu na kushuka, bila kuchoka, ili majike wamwone. Ni katika jamaa ya kina fumbwe. Wataalamu wa ndege ulimwenguni kote humwita kwa jina la mtu: Jackson.

Jackson huyu ni nani hata apewe ndege? Wengi wa wasomaji wetu watastaajabu kusikia kwamba njia iliyomfikisha katika nyika za Elgon ilianza hapa hapa kwetu pwani, katika mji wa Lamu.

Frederick John Jackson alizaliwa huko Yorkshire, Uingereza, mwaka 1860, katika ukoo uliojiweza. Alisoma Cambridge, lakini moyo wake haukuwa vitabuni. Ulikuwa kwenye bunduki na mawindo. Mwaka 1884, akiwa kijana wa miaka 24, alikuja Lamu. Makamu wa balozi wa Waingereza wakati ule alikuwa rafiki yake, Haggard, nduguye yule mwandishi mashuhuri wa hadithi. Lamu ilikuwa ingali chini ya Sayyid Barghash wa Unguja. Jackson akawinda bara ya Lamu, akajifunza Kiswahili, na baadaye akaenda hadi Taveta na Kilimanjaro. Wakati wenziwe wakihesabu pembe tu, yeye alikuwa akitazama pia ndege, akiwachuna ngozi na kuziweka.

SAFARI YA 1889

Mwezi wa Agosti 1889 Jackson alitoka Mombasa akiongoza msafara mkubwa wa ile Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Pamoja naye walikuwapo Wazungu wachache, na nyuma yao mamia ya wapagazi na askari, wengi wao vijana wa pwani. Kila mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, wa nguo, shanga, nyaya na risasi, akapita nao nyika ya Taru, Ukambani, Bonde la Ufa, mpaka nchi ya Nabongo Mumia.

Njia hiyo hawakuivumbua Wazungu. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiipita zamani wakitafuta pembe za ndovu, na wengine, lazima tuseme ukweli, wakitafuta watumwa. Mumias ilikuwa kituo chao, na kwa mikono yao dini ya Kiislamu ilifika huko hata Mumia mwenyewe akasilimu. Kitale nayo yasemekana kuwa ilikuwa kituo cha misafara hiyo hiyo.

Huko Mumias barua za Kabaka Mwanga wa Buganda zilimfikia Jackson zikimwomba msaada. Lakini Kampuni ilikuwa imemwamuru asiingie Uganda. Basi badala ya kwenda magharibi, akageuka kaskazini kuelekea Mlima Elgon, ule ambao Wabukusu wa Bungoma huuita Masaba. Kampuni ilitaka pembe, na ndovu walikuwa tele huko.

Aliyoyaona yalimpendeza. Nchi ambayo leo ni Bungoma na Trans Nzoia ilikuwa na makundi ya kongoni na twiga. Ubavuni mwa mlima watu waliishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao, wakijihami na maadui. Mapema mwaka 1890 Jackson na mwenziwe Gedge walipanda juu kabisa, na kilele kimojawapo kina jina lake mpaka leo. Na mahali kote huko ndege walikuwa wakipigwa, wakichunwa, wakijazwa pamba, na kufungwa kijikaratasi mguuni chenye mahali na tarehe.

Alikuwa bado mlimani wakati Mjerumani Carl Peters alipofika Mumias, akazifungua barua za Jackson bila haya, akazisoma, akakimbilia Buganda akatiliana mkataba na Mwanga. Jackson aliporudi mwezi wa Machi alikuta amekwisha kupigwa bao. Alikwenda Buganda akiwa amechelewa, akarudi pwani mikono mitupu.

Lakini tazama mambo ya dunia. Mwezi wa Julai mwaka ule ule wa 1890 wakubwa wa Ulaya waligawana nchi zetu mezani. Uganda ikatiwa upande wa Waingereza, Unguja nayo ikawekwa chini ya himaya yao, na karatasi ya Peters ikawa haina kazi. Kampuni yenyewe ilikufa mwaka 1895. Kilichobaki katika safari ile ni yale masanduku ya ngozi za ndege. Mwaka 1891 yalifunguliwa London, na wataalamu wakaona ndege ambao hawajapata kuandikwa. Fumbwe yule wa nyasi akaitwa kwa jina la Jackson. Kwale mmoja wa milima mirefu, vivyo hivyo. Na hondohondo mmoja wa nchi kavu za kaskazini, vivyo hivyo. Baadaye walifuata kongoni mmoja, nguchiro mmoja, na mwaka 1896 yule kinyonga wa pembe tatu.

MTAWALA NA MPENDA NDEGE

Mwaka 1894 Jackson aliingia katika kazi ya serikali. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi Uganda, wakichoshwa na safari zisizokwisha na mshahara duni. Katika mapigano ya Lubwa, ambako Makalasinga na Waswahili walisimama upande wa serikali, Jackson alipigwa risasi, akajeruhiwa vibaya, akapona.

Jambo moja lafaa kumhesabia. Wakati Sir Charles Eliot, aliyekuwa mkuu wake, alipotaka kuwagawia walowezi ardhi kubwa katika Bonde la Ufa, Jackson alikuwa miongoni mwa maofisa waliopinga kwamba Wamasai wadhulumiwa. Eliot alijiuzulu mwaka 1904. Hata hivyo Wamasai walihamishwa vile vile, na Jackson aliendelea kuitumikia serikali iliyowahamisha. Akawa naibu wa gavana Nairobi kuanzia 1907, kisha gavana wa Uganda kuanzia 1911. Mwaka 1909 alikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, chama ambacho mwaka uliofuata kilianzisha jumba la makumbusho Nairobi, na hilo ndilo asili ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Alipostaafu aliketi kuandika kitabu cha ndege wote wa Kenya na Uganda. Mauti yalimkuta Ufaransa mwezi wa Februari 1929, kitabu hakijesha. Mtaalamu mwingine, Sclater, alikikamilisha, kikatoka mwaka 1938 katika majalada matatu.

HESABU YAKE NI IPI?

Tumhukumuje mtu kama huyu? Alikuja kama mwindaji, akafanya kazi ya kampuni iliyotaka kutawala watu wasiomwalika, na ndege aliowapenda aliwaua kwa maelfu, yeye na wenziwe wa zama zile. Darubini na kamera za leo hazikuwapo. Ili ndege ajulikane, ilibidi afe. Lakini bila vile vijikaratasi vya mguuni tusingejua leo ni kiumbe gani aliishi wapi kabla ya jembe la plau kufika.

Na plau ilifika. Baada ya Vita vya Kwanza walowezi walijaa Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikaingia Kitale. Nyika ikawa mashamba ya mahindi, na makundi ya kongoni yakatoweka. Fumbwe wa Jackson ahitaji nyasi ndefu za kuchezea ngoma yake. Kila malisho yalimwapo, uwanja wake umekwisha.

Si kwamba kila kitu kimepotea. Hifadhi ya Mlima Elgon ilitengwa mwaka 1968, na humo katika pango la Kitum ndovu wamezoea kuingia gizani kuchokoa chumvi kwa pembe zao, ingawa majangili waliwapunguza sana. Karibu na Kitale iko Saiwa, hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule paa wa kinamasi. Hapo mgeni hutembea kwa miguu, akapanda minara ya mbao, akakaa kimya kuwatazama nzohe, mbega, kulukulu na korongo wenye taji. Atakachoondoka nacho ni picha na kumbukumbu, na ndege hubaki wazima. Hiyo ndiyo safari bora kuliko ya 1889.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Vijana wetu wa pwani walibeba masanduku yale kutoka Elgon hadi bahari, mabega yakichubuka, na wengine hawakurudi kwao. Watu wa mlimani walionyesha njia na mahali ndege alipolala. Hakuna hata mmoja wao aliyepewa ndege. Kijikaratasi kilitaja mahali, tarehe na jina la mwenye msafara basi.

Sisi tuliosomeshwa chuoni twajua kwamba Mwenyezi Mungu alimfundisha Adamu majina ya vitu vyote, na hiyo ikawa daraja yake mbele ya malaika. Twajua pia kisa cha Nabii Sulaiman na hudihudi, ndege mdogo aliyeleta habari ambayo mfalme hakuwa nayo. Kujua jina la kiumbe ni elimu na ni amana. Wabukusu na Wasabaoti walikuwa na majina ya ndege hao kabla Jackson hajazaliwa, na wazee wa Bungoma na Kitale wayajuao bado wapo. Lamu na Mombasa nako wako wavuvi wajuao ndege wa bahari kwa majina na kwa majira.

Basi kijana asomaye haya na achukue daftari, aende kwa mzee wake, aulize, aandike: jina, mahali, na tarehe. Jackson alifanya hivyo kwa bunduki. Yeye afanye kwa sikio na kalamu, na asisahau kuandika pia jina la mzee aliyemwambia.