Évariste Kimba, Waziri wa Kwanza aliyenyongwa mbele ya umati

Tangu serikali iondoe, mwezi wa Machi 2024, kizuizi cha kutekeleza hukumu ya kifo kilichokuwapo tangu 2003, neno hilo limerudi vinywani mwa wakaaji wa Beni na Butembo. Mwanzoni mwa Julai mwaka huohuo, tribinali ya kijeshi ya Butembo iliwahukumu kifo askari 25 kwa kosa la kumkimbia adui. Wanaotaka hukumu za namna hiyo zitekelezwe hadharani wanapaswa kuyajua maisha ya Évariste Kimba.

Kimba alizaliwa Katanga mwaka 1926. Alikuwa mwanahabari, akapanda hadi kuwa mhariri mkuu wa gazeti la Essor du Congo mjini Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Ingawa alikuwa Muluba, na Waluba wengi wa kaskazini mwa Katanga walipinga jimbo hilo kujitenga, yeye alifuatana na Moïse Tshombe. Julai 1960 akawa waziri wa mambo ya kigeni wa Katanga, kazi aliyoifanya mpaka utengano huo ulipokwisha Januari 1963.

Tarehe 13 Oktoba 1965, Rais Kasavubu alimfukuza Tshombe na kumteua Kimba kuwa Waziri wa Kwanza. Bunge lilimkataa tarehe 14 Novemba. Kasavubu akamteua tena. Kabla ugomvi huo haujaisha, tarehe 25 Novemba, Mobutu alitwaa madaraka.

Miezi sita baadaye, Kimba alikutana na maofisa wa jeshi mjini Kinshasa kuzungumzia namna ya kumwondoa Mobutu. Pamoja naye walikuwa mawaziri watatu wa zamani: Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Hawakujua kwamba maofisa hao walikuwa wakimpasha Mobutu habari zote. Ulikuwa mtego. Wote wanne walikamatwa tarehe 30 Mei 1966, siku moja baada ya Pentekoste.

Kesho yake walifikishwa mbele ya tribinali ya kijeshi. Hawakuwa na avoka wa kuwatetea. Kesi haikufika hata saa mbili, na waamuzi walihitaji dakika chache tu kukata hukumu: kifo. Maombi ya huruma yalitoka mbali, hata kwa Papa Paulo wa 6. Mobutu alikataa, maana alitaka fundisho la kutisha.

Tarehe 2 Juni walinyongwa mmoja baada ya mwingine mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Kimba alitangulia. Alikuwa na miaka 39. Tangu kukamatwa kwake zilikuwa zimepita siku tatu tu.

Hofu ilifanya kazi yake: Mobutu alitawala miaka 31 mingine. Lakini hukumu yenyewe haikudumu. Alipoondolewa mwaka 1997, uwanja mkubwa wa mpira uliojengwa karibu na pale waliponyongwa ulipewa jina la Mashahidi wa Pentekoste. Watu ambao serikali moja iliwaita wasaliti, serikali nyingine iliwapa heshima. Jina lilibadilishwa kwa tangazo tu. Kimba na wenzake hawakuweza kurudishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama mtu anyongwe, tuulize kwanza: alipewa avoka? Alisikilizwa kwa muda gani? Nani alimshitaki, na kwa faida ya nani?