Bwana Willem Einthoven na Mapigo ya Moyo

Napenda kuwaelezeni maisha ya bwana aliyewawezesha madaktari kusoma mwendo wa moyo katika karatasi.

Willem Einthoven alizaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1860. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki Willem akingali mdogo, na mwaka 1870 mama akahamia Uholanzi pamoja na watoto wake sita. Willem alisoma kwa bidii, hata akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Leiden akiwa na umri wa miaka 25 tu.

Moyo upigapo hutoa umeme kidogo mno. Ili aupime, alitega uzi mwembamba uliopakwa fedha katikati ya sumaku kubwa. Uzi ulitikisika, na kivuli chake kikapigwa picha. Mgonjwa alitia mikono na mguu wa kushoto katika maji ya chumvi, na watu 5 waliuendesha mtambo huo. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka 1927.

Faida ya kazi yake niliiona kwa baba yangu. Siku ya tatu baada ya kupasuliwa moyo, mapigo yake yalikwenda mbio bila mpango, jambo linalowapata wengi baada ya upasuaji huo. Daktari alitazama mchoro, akatambua aina ya mwendo ule, akampa dawa iliyoufaa. Kesho yake mapigo yalitulia.

Basi, wanafunzi wenzangu, tusiidharau fizikia. Uzi mmoja umeokoa watu wengi.