EDWARD SOKOINE, WAZIRI MKUU ALIYEPIGANA NA WALANGUZI

Wahenga walisema wema hauozi. Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotuambia kila mmoja aandike maisha ya kiongozi wa Afrika Mashariki aliyefariki zamani, wenzangu wa kidato cha tatu waliwahi majina makubwa. Mmoja alimchukua Jomo Kenyatta, mwingine Tom Mboya, na wasichana wakamng'ang'ania Mwalimu Nyerere. Mimi nilirudi nyumbani mikono mitupu. Jioni, tukitoka kupimisha majani chai, nilimwuliza babu. Akanitajia waziri mkuu mmoja wa Tanzania, mtoto wa wafugaji kama sisi, ambaye habari za kifo chake alizisikia redioni mwaka wa 1984. Huyo ndiye Edward Moringe Sokoine.

Sokoine alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 huko Monduli, mkoani Arusha, katika jamii ya Wamaasai. Wamaasai si wageni kwetu. Ukitoka hapa Kimulot kwenye milima yetu ya chai, ukapita mjini Bomet na kuelekea Narok, basi umeshaingia kwao. Zamani hizo wafugaji wengi hawakuona faida ya shule. Mtoto akienda kukaa darasani, nani atachunga ng'ombe? Hata hivyo Sokoine alisoma Monduli, kisha akaenda shule ya sekondari ya Umbwe mkoani Kilimanjaro.

Nyota njema huonekana asubuhi. Mwaka wa 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, alijiunga na chama cha TANU. Alipelekwa Ujerumani Magharibi kusomea mambo ya utawala, akarudi kufanya kazi katika wilaya ya kwao. Mwaka wa 1965 alichaguliwa kuwa mbunge akiwa na umri wa miaka 27 tu. Alikuwa naibu waziri mwaka wa 1967, na mwaka wa 1972 akawa Waziri wa Ulinzi. Tarehe 13 Februari 1977, Rais Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu. Alikuwa hajatimiza hata miaka 39.

Lakini kazi hiyo aliipokea wakati mgumu. Mwezi uleule mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka wa 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera. Tanzania ilipigana mpaka Amin akakimbia mwaka wa 1979, lakini vita ni vita, pesa za nchi zilikwisha. Mafuta nayo yakapanda bei. Madukani hapakuwa na kitu. Watu walipanga foleni tangu alfajiri kutafuta sabuni, sukari na unga. Novemba 1980 Sokoine alijiuzulu kwa sababu ya afya yake.

Februari 1983 Nyerere alimwita tena awe Waziri Mkuu. Hapa ndipo jina lake lilipojulikana na kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Wakati raia wanakosa sabuni, kulikuwa na watu walioficha bidhaa majumbani na kuziuza kwa siri kwa bei ya kuruka. Hao ndio walioitwa walanguzi. Wengine hawakuwa wafanyabiashara, walikuwa maofisa waliopewa vyeo ili wawagawie watu. Kuanzia Machi 1983 serikali ilianza kuwasaka nchi nzima. Mamia walikamatwa. Babu anasema walioogopa walitupa mali zao usiku, mtu akiamka anakuta bidhaa zimemwagwa vichakani na hazina mwenyewe!

Hapa mimi na babu tulibishana. Sheria ya uhujumu uchumi iliyopitishwa mwaka huo ilikuwa kali mno. Mshtakiwa alipelekwa mbele ya baraza maalum, si mahakama ya kawaida. Hakuruhusiwa wakili wala dhamana. Babu anasema mwizi ni mwizi, wakili wa nini? Mimi nikamwuliza, na kama mtu ana magunia mawili ya sukari aliyonunua kihalali, na jirani yake anamwonea wivu akamchongea? Babu alinyamaza, akasema hilo nalo ni neno. Ni kweli kwamba si wote waliokamatwa walikuwa na hatia, na mwaka wa 1984 sheria ile iliondolewa, ikawekwa nyingine iliyorudisha mambo mahakamani. Kwa hivyo ukimsifu Sokoine usifiche jambo hili. Nia njema peke yake haitoshi, lazima na haki iwepo.

Hakuwa mtu wa kukamata tu. Mwaka wa 1983 mabasi ya umma ya Dar es Salaam yalikuwa yameshindwa kubeba watu, basi serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Ndiyo hayo yaliyoitwa daladala, ndugu wa matatu zetu. Tena Novemba 1983, akiwa Waziri Mkuu, mpaka wetu na Tanzania ulifunguliwa baada ya kufungwa kwa zaidi ya miaka sita.

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alikuwa akisafiri kwa gari kutoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam. Walipofika Dakawa, karibu na Morogoro, gari lake liligongana na gari jingine, naye akafariki. Alikuwa na miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyetangaza habari hizo redioni. Babu anakumbuka kwamba hata huku kwetu, wazee waliokuwa wakisikiliza redio walinyamaza kimya. Alizikwa kwao Monduli Juu. Mwaka huohuo chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kilipewa jina lake, na mpaka leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Uwanja wa mpira wa Mbeya pia unaitwa Sokoine. Mungu amlaze mahali pema.

Sasa wenzangu, naomba niseme jambo ambalo hata mwalimu halijui. Mimi ni kiranja wa chakula cha mchana. Upawa uko mkononi mwangu. Muhula uliopita marafiki zangu walikuwa wanapata githeri ya kujaa sahani, tena yenye maharagwe mengi, na wakimaliza wanarudi kwa mlango wa nyuma. Siku moja mvulana wa kidato cha kwanza, anayetembea mbali sana kuja shule, alifika mwisho wa foleni nikamwekea supu tu. Hakusema neno. Aliinywa akaosha sahani yake. Mimi niliona ni jambo dogo, eti githeri tu. Lakini nilipokuwa nikiandika habari za wale waliopewa vyeo ili wawagawie watu, wakagawia rafiki zao, kalamu ilinigandia mkononi. Mlanguzi si lazima awe tajiri wa Dar es Salaam. Anaweza kuwa na upawa.

Sheria ya kunikamata haipo, na babu anasema afadhali, maana ningekosa wakili. Nimeanza kupakua sawa kwa wote, na sahani yangu naiweka ya mwisho. Mpaka sasa siku mbili nimekuta sufuria tupu, na marafiki wawili wameninunia. Yule wa kidato cha kwanza anapata maharagwe.