Furaha ya mama asiyeona, Fanny Crosby

HUENDA asubuhi ya leo mmeimba kanisani kwenu Usinipite Mwokozi. Wengi huuimba wimbo huo kwa machozi, lakini ni wachache wanaomjua mama aliyeutunga. Aliitwa Fanny Crosby, Mmarekani asiyeona. Maisha yake yanagusa swali ambalo waumini wengi hulibeba kimyakimya: mbona nasali, nafika ibadani na Biblia naijua, lakini furaha ya Bwana siioni moyoni mwangu?

Fanny alizaliwa Machi 24, 1820, katika jimbo la New York. Akiwa na umri wa wiki sita aliugua macho. Daktari wa familia hakuwepo, akaitwa mtu aliyejidai kuwa tabibu, naye akayakanda macho ya mtoto kwa dawa ya moto. Tangu hapo Fanny aliishi bila kuona. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, baba yake alifariki dunia. Mama yake, Mercy, akalazimika kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu ili mtoto ale.

Bibi yake, Eunice, ndiye aliyekuwa macho yake. Alimtembeza nje akimweleza rangi za maua na kumfundisha kutambua ndege kwa sauti zao. Alimsomea pia Biblia, na katika ujana wake Fanny alikuwa ameshika kichwani Injili zote nne, vitabu vitano vya Musa, Mithali na zaburi nyingi. Mwaka 1835 alipokelewa katika shule ya wasioona jijini New York, na baadaye akawa mwalimu hapo hapo. Mashairi yake yakachapishwa, jina lake likajulikana.

Kwa macho ya watu, huyo alikuwa Mkristo aliyekamilika. Yeye mwenyewe alijua kwamba kuna kitu hana.

Mwaka 1849 kipindupindu kiliua maelfu ya watu New York. Fanny alibaki shuleni akisaidia kuhudumia wagonjwa. Vifo vile vilimtikisa, akaanza kujiuliza kama yeye yuko tayari kukutana na Mungu. Mwaka uliofuata alianza kuhudhuria mikutano ya uamsho katika kanisa la Wamethodisti. Mara mbili alikwenda mbele kuombewa, na mara zote mbili alirudi kwenye kiti chake bila amani. Novemba 20, 1850 alisimama kwa mara ya tatu, akaenda madhabahuni peke yake. Waumini walipokuwa wakiimba ubeti wa mwisho wa wimbo wa kujitoa kwa Bwana, alijisalimisha, na moyo wake ukafurika furaha. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Ndugu yangu, fikiria kama angekata tamaa baada ya mara ya pili. Wengi wetu tunaishia hapo. Tumefunga, tumekesha, tumeombewa, hatukusikia kitu, tukaamua kubaki Wakristo wa mazoea. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Fanny alimpata Bwana, na bado aliendelea kumtafuta kwa miaka mingine 64.

Usidhani furaha hiyo ilimwondolea misiba. Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki ambaye naye hakuwa akiona. Walipata mtoto mmoja, akafariki akiwa mchanga. Fanny alilizungumzia jambo hilo kwa nadra sana. Lakini mwaka 1868 rafiki yake William Doane alipomletea muziki usio na maneno, huku akiwahi treni, Fanny alimtungia papo hapo wimbo kuhusu usalama ulio katika mikono ya Yesu. Akina mama wengi waliofiwa na watoto walifarijiwa na wimbo huo. Mwaka huo huo, baada ya kuwatembelea wafungwa na kumsikia mmoja wao akimlilia Bwana asimpite, alitunga ule wimbo tunaoupenda.

Alianza kutunga nyimbo za kanisa mwaka 1864, na kabla ya kufa alikuwa ametunga zaidi ya 8,000. Wachapishaji waliona aibu vitabu vyao kujaa jina moja, wakampa majina mengi ya bandia. Kwa kila wimbo alilipwa dola moja au mbili, na fedha alizopata aligawia maskini. Akiwa bibi kizee bado alikwenda kwenye vituo vya kuwasaidia walevi na wasio na makazi, akikaa nao na kuwaombea. Alifariki Februari 12, 1915 huko Bridgeport, akikaribia miaka 95. Alikuwa akisema kwamba hajutii upofu wake, maana uso wa kwanza atakaouona utakuwa wa Mwokozi wake.

Zaburi ya 105 inaialika mioyo ya wanaomtafuta Bwana ifurahi. Angalia kwamba mwaliko huo ni kwa wanaomtafuta Bwana mwenyewe. Anayetafuta hisia nzuri atazikosa siku ya msiba. Anayemtafuta Mungu atapata furaha njiani, na akianza kumsifu, furaha hiyo itawafikia na wengine, kama ya Fanny ilivyomfikia mfungwa, mlevi na mama aliyefiwa.

Wiki hii, kama umeshakwenda mbele mara mbili ukarudi mtupu, simama tena. Na ukiimba Usinipite Mwokozi, imba ukijua kwamba aliyeutunga alilia hivyo, naye hakupitwa.