Alice wa Ugiriki, Binti Mfalme Aliyeficha Watu Nyumbani Mwake

Katika kila toleo la kumbukumbu huwa tunawataja waliokufa. Safari hii Kamati imeona vema tumtaje pia mmoja wa wale walioficha watu, kwa maana wengi wetu tuko hapa kwa sababu kuna mlango fulani uliofunguliwa usiku. Huyu tuliyemchagua ni wa mbali sana na sisi, tena mtu wa ukoo wa kifalme. Lakini msomaji akifuatana nasi ataona kwamba mambo ya ukimbizi hakuyasikia kwa jirani.

Alice wa Battenberg alizaliwa tarehe 25 Februari 1885 katika ngome ya Windsor, Uingereza. Malkia Victoria alikuwa bibi wa mama yake. Alizaliwa na uziwi, na tangu utoto alifundishwa kusoma maneno kwenye midomo ya watu, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, na baadaye akajifunza hata Kigiriki. Mwaka 1903 aliolewa na Andrew, mwana wa mfalme wa Ugiriki, wakapata mabinti wanne na, mwishoni kabisa, mvulana mmoja, Philip, mwaka 1921. Katika vita vya Balkani vya 1912 na 1913 alivaa aproni ya uuguzi akawahudumia majeruhi karibu na uwanja wa vita.

Mwaka 1922 Ugiriki ilishindwa na Waturuki. Wagiriki zaidi ya milioni moja walifukuzwa kutoka Asia Ndogo, na huko Athens waliotwaa madaraka walimshitaki mume wa Alice kwa kosa la vitani, wakamhukumu kufukuzwa nchini. Jamaa yote ikapakiwa kwenye manowari ya Kiingereza. Mtoto Philip, mwenye mwaka mmoja na nusu, alilazwa ndani ya kasha la machungwa. Wakaishi karibu na Paris katika nyumba ya kuazimwa, na Alice akafanya kazi katika duka lililouza vitu kwa ajili ya kuwasaidia wakimbizi wa Kigiriki. Mkimbizi akiuza dukani ili wakimbizi wenzake wale!

Yaliyofuata tutayapita upesi, ingawa kwake hayakupita upesi. Mwaka 1930 aliugua akili, akapelekwa kwa nguvu hospitalini Uswisi, akakaa huko zaidi ya miaka 2. Ndoa ilisambaratika bila talaka. Mabinti wote wanne waliolewa Ujerumani, wala yeye hakuwapo harusini. Mwaka 1937 mmoja wao, Cecilie, alikufa katika ajali ya ndege pamoja na mumewe na wanawe wawili. Mwaka uliofuata Alice alirudi Athens peke yake, akapanga vyumba vichache.

Wajerumani walipoingia Ugiriki mwezi Aprili 1941, karibu ukoo wote wa kifalme ulikimbia. Alice alibaki. Majira ya baridi yale njaa iliua makumi ya maelfu ya watu mjini Athens, naye alifanya kazi na Msalaba Mwekundu, akapanga majiko ya kuwapikia wenye njaa na nyumba za kutunzia yatima. Aliwahi kusafiri hadi Uswidi akisema anakwenda kumwona dada yake, kumbe alikuwa anatafuta dawa.

Na hapa kuna jambo ambalo katika kambi hii halihitaji kufafanuliwa sana. Alice alikuwa na watu wake pande zote mbili za vita. Wakwe zake walikuwa upande wa Ujerumani, na mmoja wao alikuwa ofisa wa SS. Mwanawe Philip alikuwa katika jeshi la majini la Uingereza. Wajerumani walidhani yeye ni wao. Inasimuliwa kwamba jenerali mmoja alimtembelea akamwuliza kama kuna lolote la kumsaidia, naye akamjibu kuwa msaada ni kuondoa askari wake nchini.

Mwaka 1943 Wayahudi zaidi ya 40,000 wa mji wa Thessaloniki walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa kuuawa Auschwitz. Mjini Athens Waitalia ndio waliokuwa wakitawala, na Wayahudi wengi walikimbilia huko. Mwezi Septemba Italia ilisalimu amri, Wajerumani wakashika mji wote.

Miongoni mwa waliotafutwa alikuwamo Rachel Cohen, mjane wa Haimaki Cohen, aliyekuwa mbunge na ambaye mwaka 1913 alimtendea wema Mfalme George, mkwe wa Alice. Vijana wanne wa Rachel walitaka kuvuka hadi Misri wajiunge na serikali ya Ugiriki iliyokuwa uhamishoni. Njia ile haikuwafaa mama na binti yake Tilde. Habari zikamfikia Alice, akawachukua nyumbani, katika nyumba ya shemeji yake katikati ya mji. Baadaye kijana mmoja alishindwa kuvuka, akarudi, naye akapokelewa. Ulikuwa Oktoba 1943, mwezi ule ule ambao yule mkwe wa SS alikufa kwa ajali ya ndege huko Italia. Binti wa Alice alibaki mjane Ujerumani, na nyumbani kwa mama kulikuwa na mjane wa Kiyahudi.

Walikaa mwaka mzima. Gestapo walishuku wakamhoji. Ndipo uziwi ukawa ngao: yeye aliyeweza kusoma midomo kwa lugha kadhaa alijifanya haelewi hata swali moja, mpaka wakachoka wakaondoka.

Mji ulikombolewa Oktoba 1944, naye hakuwa ameonja nyama kwa miezi kadhaa. Mwezi Desemba mumewe alikufa Monte Carlo bila kuonana tena. Mwezi huo huo Wagiriki walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe mitaani, na Alice alitembea akigawa chakula saa zilizokatazwa. Alipoonywa juu ya risasi alijibu kwamba inayoua haisikiki, na yeye ni kiziwi vilevile.

Mwaka 1947 alitoa vito vyake vitengenezwe pete ya uchumba ya Philip, aliyemwoa Elizabeth, yule ambaye mwaka 1952 alipata habari za kurithi ufalme akiwa Sagana, Kenya. Mwaka 1949 Alice alianzisha shirika la masista wauguzi, lakini wasichana waliojiunga walikuwa wachache mno na likafa. Jeshi lilipotwaa serikali ya Ugiriki mwaka 1967, alihamia kwa mwanawe London, akafa huko tarehe 5 Desemba 1969. Hakuacha mali, alikwisha kugawa zote.

Aliomba azikwe Yerusalemu, karibu na shangazi yake aliyeuawa Urusi mwaka 1918, na mwaka 1988 mwili wake ulihamishiwa Mlima wa Mizeituni. Habari za akina Cohen, kadiri wanawe walivyojua, hakumsimulia mtu. Mwaka 1993 taasisi ya Yad Vashem ilimtaja kati ya Wenye Haki wa Mataifa, na mwaka 1994 Philip na dada yake Sophie, yule mjane, walikwenda Yerusalemu kuipokea heshima hiyo. Philip alipanda mti, kisha akazuru kaburi la mama yake.