Edwin Budding, fundi wa viwanda vya nguo aliyeunda mashine ya kukata majani

Katika mji wa Goma, majani ya ndani ya parseli na ya kando ya barabara yanakatwa zaidi kwa kupekupe. Kwenye viwanja vikubwa, mtu mmoja aliyeketi juu ya mashine ya esanse anaweza kufanya kazi ya vibarua wengi. Mashine hiyo ilianzia mikononi mwa fundi mmoja Mwingereza, Edwin Beard Budding, ambaye wengi wanaoiendesha leo hawajawahi kusikia jina lake.

Budding alizaliwa mwaka 1796 karibu na Stroud, magharibi mwa Uingereza. Alianza kama seremala, kisha akaingia katika kazi ya vyuma. Stroud ulikuwa mji wa viwanda vya nguo za sufu. Kitambaa kilipotoka kufumwa kilikuwa na manyoya, na mashine yenye visu vilivyofungwa kwenye silinda iliyazungukia na kuyanyoa yawe sawa. Budding, aliyezijua mashine hizo, akaona kwamba zinaweza kunyoa majani pia.

Wakati huo majani ya bustani yalikatwa kwa miundu mirefu ya mikono miwili. Kazi hiyo ilitaka watu wengi na ujuzi mkubwa, na ilikuwa afadhali ifanywe alfajiri, majani yakiwa bado na umande. Mwenye kiwanda cha vyuma, John Ferrabee, alikubali kugharamia jaribio la Budding. Inasimuliwa kwamba Budding alijaribu mashine yake usiku ili watu wasimwone. Tarehe 31 Agosti 1830 alipewa hati ya uvumbuzi.

Mashine hiyo ya chuma ilikuwa nzito, yenye upana wa sentimita 48 hivi. Mtu aliisukuma kwa nyuma, na mwingine aliweza kuivuta kwa mbele. Rola kubwa ya nyuma ilizungusha meno ya chuma, nayo yakazungusha visu, na majani yakarushwa ndani ya kisanduku. Bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilikuwa kati ya wateja wa kwanza. Msimamizi wa kazi huko alieleza kwamba mashine moja ilifanya kazi ya watu sita hadi wanane. Hiyo ilikuwa habari njema kwa mwenye bustani, lakini kwa mkata majani aliyelipwa kwa siku ilikuwa na maana nyingine. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes, ya mji wa Ipswich, ilipata ruhusa ya kuitengeneza.

Nguvu ya uvumbuzi wa Budding ilikuwa katika kupima. Rola ndogo ziliweza kupandishwa au kushushwa ili kuamua urefu wa majani yatakayobaki. Mashine ikipangwa vibaya, haikati vizuri hata ikisukumwa kwa nguvu zote.

Mashine nyingi za kuketi za leo hazitumii silinda. Kisu chake kinazunguka chini ya bati, kama mapanga ya helikopta. Lakini kanuni ya kupima imebaki. Ncha za majani zikichanika na kuwa nyeupe, kisu ni butu. Upande mmoja ukikatwa chini kuliko mwingine, upepo wa magurudumu unaangaliwa kwanza. Injini ikikataa kuwaka, dereva ahakikishe ameketi vizuri, amekanyaga breki na kisu kimezimwa, kwa sababu mashine nyingi zinajizuia bila hayo. Kabla ya kutia mkono chini ya bati, injini izimwe na waya wa buji utolewe. Katika Goma, ambako udongo umejaa mawe ya volkano, mawe yaokotwe kabla ya kuanza, na watu wasogee mbali. Jiwe likipigwa na kisu linaweza kumtoa mtu jicho.

Baadaye Budding alihamia Dursley, si mbali na Stroud, akafanya kazi na George Lister kwenye mashine za kuchambua sufu. Anatajwa pia kuwa alivumbua kle ambayo mdomo wake unapanuliwa au kufinywa kwa skrubu, ambayo mafundi wa magari wanaishika kila siku. Alifariki huko Dursley mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 50 hivi.

Hakuiona mashine yake ikipata injini. Ransomes walianza kuuza mashine ya petroli ya kukata majani mwaka 1902. Huko Dursley, mwaka 1867, mtoto wa George Lister alianzisha kampuni ya Lister, ambayo injini zake zilikuja kufika Afrika, zikisaga mahindi na kutoa umeme mahali ambapo hakukuwa na nguzo hata moja.