Albert Ballin: Wakala wa tikiti aliyekataa meli zilale wakati wa baridi

Januari 22, 1891, meli ya Augusta Victoria iling'oa nanga katika bandari ya Cuxhaven, kaskazini mwa Ujerumani, ikiwa na abiria 241. Hapakuwa na mhamiaji anayekwenda kutafuta maisha wala mfanyabiashara anayefuata mzigo wake. Walikuwa wamelipa nauli ili wazunguke Bahari ya Mediterania kwa karibu miezi miwili, kisha warudi nyumbani.

Kwa wakati ule jambo hilo lilionekana la ajabu. Bahari ilivukwa kwa shida, na aliyefika salama alimshukuru Mungu. Leo safari za aina hiyo ni biashara kubwa. Mwaka 2023 pekee zaidi ya watu milioni 30 duniani walisafiri kwa meli za kitalii. Wakazi wa Mombasa na Zanzibar nao wanazifahamu meli hizo, ambazo hufika hasa katika miezi ambayo Ulaya iko kwenye baridi kali.

Aliyeipa biashara hiyo sura yake hakuwa nahodha wala tajiri wa kurithi. Alikuwa wakala wa tikiti za watu maskini. Jina lake ni Albert Ballin.

Mtoto wa wakala

Ballin alizaliwa mjini Hamburg Agosti 15, 1857, akiwa kitinda mimba katika familia ya Kiyahudi yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa mshirika katika wakala mdogo ulioitwa Morris & Co. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia nafasi melini watu waliokuwa wakihamia Marekani, wengi wao wakiwa wakulima, vibarua na mafundi kutoka sehemu mbalimbali za Ulaya.

Baba alifariki mwaka 1874, kijana akiwa na miaka 17. Badala ya kuendelea kutafuta elimu, Ballin aliingia ofisini. Huko alijifunza hesabu, Kiingereza na, zaidi ya yote, namna ya kulinganisha safari. Wakala huo uliwapitisha wateja wengi Uingereza. Walivuka kwa meli ndogo, wakapanda treni hadi Liverpool, ndipo wakaingia meli ya kwenda Marekani. Kila hatua ilikuwa na nauli yake na siku zake za kusubiri. Wakala aliyekosea hesabu alimwacha mteja bandarini bila fedha ya chakula.

Mwaka 1881 Ballin alikubaliana na mwenye meli mmoja wa Hamburg, Edward Carr, ambaye meli zake zilikuwa za mizigo. Kwa kipindi kile, meli nyingi zilileta Ulaya nafaka na bidhaa nyingine kutoka Marekani, lakini zikirudi zilikuwa na nafasi tupu. Ballin aliahidi kuijaza nafasi hiyo kwa wahamiaji. Mwenye lori linaloshusha mahindi mjini na kurudi shamba tupu ataielewa hesabu hiyo mara moja.

Meli za Carr hazikuwa na daraja la kwanza. Maskini katika meli nyingine walibanwa chini na kupewa sehemu ndogo ya sitaha. Hapa waliruhusiwa kutembea sitaha nzima na kuvuta hewa. Nauli nayo ilikuwa ya chini. Abiria alipata nafuu mbili kwa mpigo, na habari zikaenea vijijini.

Kampuni kubwa ya Hamburg-Amerika Linie, iliyojulikana kwa kifupi kama HAPAG, iliumia katika ushindani huo wa bei. Mwaka 1886, baada ya mapatano, HAPAG ilimchukua mshindani wake na kumkabidhi idara yote ya abiria kabla hajatimiza miaka 30. Mwaka 1888 aliingia katika uongozi wa kampuni, na mwaka 1899 akawa mkurugenzi mkuu.

Meli iliyolala inakula

HAPAG ilikuwa imeagiza meli mpya zenye mwendo wa kasi na injini mbili, mojawapo ikiwa Augusta Victoria iliyoanza kazi mwaka 1889. Wakati wa kiangazi zilijaa. Kipindi cha baridi kilipofika, dhoruba za Atlantiki ziliwatisha abiria wa madaraja ya juu, vyumba vikabaki vitupu, na meli za gharama kubwa zikakaa bila kazi ya kutosha.

Mchumi yeyote ataona tatizo. Meli isiyosafiri bado inadai mishahara ya mabaharia, matengenezo, bima na fedha zilizotumika kuijenga. Gharama hizo zipo meli ikitembea au ikilala. Kinachoongezeka ikitembea ni makaa ya mawe, chakula na ada za bandari. Kwa hiyo nauli ikilipia nyongeza hiyo na kubakiza japo kidogo, safari ina faida kuliko kufunga meli gatini.

Ballin aliuliza kwa nini meli ya baridi isiende kwenye jua. Wenzake wengi walitia shaka, kwani hawakuamini kwamba kuna watu wangelipa fedha nyingi kwa safari isiyo na shughuli. Kusema kweli, yeye hakuwa wa kwanza kabisa kuwachukua watalii baharini. Kampuni ya P&O ya Uingereza ilikwisha kuuza safari za Mediterania tangu mwaka 1844, na Thomas Cook aliongoza watalii kuizunguka dunia kuanzia mwaka 1872. Alichofanya Ballin ni kuchukua meli kubwa ya kisasa, kuitoa nzima kwa kazi hiyo, na kuifanya biashara inayorudiwa kila mwaka.

Mbuzi nje ya gunia

Safari ni bidhaa ngumu kuuza. Mnunuzi wa ng'ombe humkagua meno na miguu, na mnunuzi wa maharage hushika punje mkononi. Anayenunua safari ya baharini hulipa kwanza, kisha huona baadaye. Bila maelezo ya kutosha ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ballin alilijua hilo tangu siku za uwakala. Kwa safari ya mwaka 1891 abiria alijua mapema meli ingepita wapi. Njia ilipangwa kupitia Southampton, Gibraltar, Genoa, Alexandria, Jaffa, Beirut, Constantinople (Istanbul ya leo), Piraeus, Malta, Palermo, Naples na Lisbon. Matembezi ya nchi kavu yalipangwa kabla, ili anayeshuka Alexandria afike Kairo, na anayeshuka Jaffa afike Yerusalemu, kisha awahi meli. Bei ilitegemea chumba. Ballin mwenyewe na mkewe Marianne walikuwa miongoni mwa abiria.

Kila aliposafiri na meli zake alikuwa na daftari. Aliandika kasoro ndogondogo, kuanzia vyombo vya mezani na vitanda hadi namna mkate unavyoletwa kwa abiria. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwake daftari lilikuwa la hesabu na la ubora pia.

Mwaka 1900 HAPAG ilizindua Prinzessin Victoria Luise, inayotajwa kuwa meli ya kwanza duniani kujengwa mahsusi kwa safari za matembezi. Ilikuwa na vyumba vya daraja la kwanza tu. Desemba 1906 ilipanda mwamba Jamaica na kuharibika kabisa, ingawa abiria waliokolewa. Ballin hakuiacha biashara. Deutschland, meli yake yenye kasi kubwa iliyoanza kazi mwaka 1900, ilitikisika mno na kula makaa mengi. Mwaka 1910 ilianza kugeuzwa kuwa meli ya matembezi yenye mwendo wa taratibu, ikapewa jina la Victoria Luise. Chombo kilichoshindwa katika kazi moja kilitafutiwa nyingine.

Maswali ya abiria wa wakati ule ndiyo ya abiria wa leo. Meli inaanzia wapi na kuishia wapi, na nauli ya kufika huko ni ya nani? Siku ngapi iko bandarini na ngapi iko katikati ya maji? Bei inajumuisha nini, kwa kuwa mara nyingi vinywaji, bakshishi na matembezi ya nchi kavu hulipiwa kando? Chumba kiko wapi? Kisicho na dirisha huwa nafuu, na cha katikati ya meli, sitaha za chini, huyumba kidogo kuliko cha mbele au nyuma. Ukivunja safari, unarudishiwa kiasi gani na hadi tarehe ipi? Mwenye kujumlisha yote hayo na kugawa kwa idadi ya usiku ndiye anayejua safari ipi ni rahisi. Anayetazama bei ya tangazo peke yake hudanganyika.

Kipindupindu cha 1892

Fahari ya safari za matajiri isifiche ukweli kwamba HAPAG iliishi sana kwa nauli za wahamiaji. Mwaka 1892 Hamburg ilikumbwa na kipindupindu kilichoua watu zaidi ya 8,000 katika muda mfupi. Wengi waliwalaumu wahamiaji kutoka Urusi. Hata hivyo, wakazi wa Hamburg walikuwa wakinywa maji ya mto Elbe yasiyochujwa, wakati mji jirani wa Altona, uliochuja maji yake, haukuathirika kiasi hicho. Marekani iliweka karantini, na biashara ya abiria ikayumba vibaya.

Ballin alitambua kwamba kampuni isiyoweza kuthibitisha afya ya abiria wake haina soko. Vikawekwa vituo vya kuwapima wahamiaji, na mwaka 1901 yakafunguliwa makazi yao katika kisiwa cha Veddel, Hamburg, yakiwa na mabweni, majiko, madaktari na mahali pa ibada kwa Wakristo na Wayahudi. Yalipanuliwa baadaye. Hisani ilikuwapo, na hesabu ya biashara pia: mgonjwa aliyerudishwa kutoka New York alirudishwa kwa gharama ya kampuni.

Nguzo ambayo hakuimiliki

Chini ya Ballin, HAPAG ikawa kampuni kubwa kuliko zote za meli duniani. Mwaka 1907 iliingia pia katika safari za Afrika kwa kushirikiana na kampuni ya Woermann, ndugu wa kibiashara wa Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyokuwa ikileta meli Tanga na Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1913 Imperator, iliyoweza kubeba abiria zaidi ya 4,000, ilianza safari. Nyingine mbili kubwa zaidi zilifuata.

Lakini kamba hukatikia pabovu. Biashara yote hiyo ilisimama juu ya nguzo moja ambayo Ballin hakuimiliki, nayo ni amani. Alilijua hilo, na kwa kuwa alikuwa karibu na Kaisari Wilhelm II, alijaribu kuzisogeza Ujerumani na Uingereza kwenye mapatano kuhusu manowari. Mazungumzo ya mwaka 1912 hayakufanikiwa. Julai 1914 alikwenda London tena, bila mafanikio.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli za HAPAG zilikwama bandarini au zilikamatwa. Vaterland, iliyokuwa New York, ilichukuliwa na Marekani mwaka 1917. Baada ya vita, Imperator na Bismarck zilikwenda kwa kampuni za Uingereza.

Ballin hakuyaona hayo ya mwisho. Novemba 9, 1918, siku ambayo kuondoka kwa Kaisari madarakani kulitangazwa, alifariki mjini Hamburg baada ya kumeza dawa nyingi za usingizi. Alikuwa na miaka 61. Kazi ya miaka zaidi ya 30 ilikuwa imevunjika mbele ya macho yake.

Kilichobaki

Kampuni yenyewe haikufa. Mwaka 1970 HAPAG iliungana na mshindani wake wa Bremen, Norddeutscher Lloyd, ikazaliwa Hapag-Lloyd, ambayo leo ni miongoni mwa wabebaji wakubwa wa makontena duniani. Mwaka 2022 ilinunua biashara ya makontena ya Deutsche Afrika-Linien, mrithi wa kampuni zile zilizoleta meli pwani ya Afrika Mashariki zamani za Ballin. Makazi ya wahamiaji ya Veddel yamekuwa makumbusho yenye jina lake tangu mwaka 2007.

Mkulima mwenye trekta linalofanya kazi miezi miwili kwa mwaka, au mwenye mashine ya kukoboa inayosubiri mavuno, ana tatizo lile lile la Augusta Victoria, tofauti ni ukubwa tu. Inafaa akae chini na kalamu, aandike gharama zinazomdai chombo kikiwa kimelala, kisha atafute kazi ya msimu mwingine inayolipa zaidi ya mafuta na kibarua. Na kabla ya kutegemeza mali yote kwenye njia moja, ajiulize kuna jambo gani lisilo mikononi mwake ambalo likibadilika litamwacha gatini.